Dawa ya mwaka 1551 kwa faili za mchungaji

Juzi mchungaji mmoja hapa Mogogosiek alikesha akitafuta mahubiri yake ya zamani ya mazishi, asiyapate. Yalikuwa kwenye kompyuta, lakini kila faili iliitwa "mahubiri mapya". Nilimwambia dawa ni ya mwaka 1551.

Mwaka huo mchapaji Mfaransa, Robert Estienne, alitoa Agano Jipya lenye namba za mistari. Kila mstari ukapata anwani. Mwaka 1890 James Strong alitoa itifaki, yaani faharasa ya maneno ya Biblia, akayapa namba maneno ya Kiebrania na Kigiriki. Mwaka 1957 John Ellison akatoa itifaki iliyopangwa kwa kompyuta ya UNIVAC. Mwaka 2000 ikaja e-Sword, programu ya bure.

Kanuni ni ileile: toa anwani kwanza, ndipo utafute. Katika Biblia ya vitabu 66, Yohana ni cha 43. Basi mahubiri ya Yohana 11:25 yakawa 43-011-25. (Sura ina tarakimu tatu kwa sababu Zaburi ziko 150.) Faili zikajipanga zenyewe.

Mahubiri tuliyapata, ila mazishi yalishapita. Wewe unapangaje yako?