Saa za Mwalimu Zisizoandikwa Katika Ratiba

Kila tukutanapo wanafunzi wa zamani husifu mambo yale yale: paredi ya asubuhi, mabweni yaliyong'aa, kimya cha masomo ya jioni na mechi za Jumamosi. Ni nadra mtu kuuliza nani aliyeyasimamia hayo yote, na kwa saa ngapi. Nimeona niliandike jambo hili kwa sababu vijana walioko shuleni sasa husikia kila siku kwamba walimu wao ni wavivu kuliko wa zamani. Mimi sikubaliani na maneno hayo.

Wakati wa ukoloni Mwafrika wa Tanganyika aliyebahatika kupata sekondari alikwenda ama shule ya serikali ama ya misheni. Tabora, iliyofunguliwa na serikali miaka ya 1920 kwa ajili ya wana wa machifu hasa, iliwapa viranja madaraka makubwa, na hivyo sehemu ya kazi ya malezi ikabebwa na wanafunzi wenyewe. Katika shule za misheni, kama Minaki na Pugu, mambo yalikuwa mengine. Padre aliishi pale pale. Hakuwa na mke wala watoto wa kumngoja, na kengele ya kanisa na ya shule zilimwongoza kama kengele moja. Saa zake hazikuhesabiwa kuwa kazi, zilikuwa wito. Lakini kando yake alikuwapo mwalimu asiye padre, mwenye familia, naye alitazamiwa kuishi kwa kengele ile ile.

Mwalimu Nyerere alikuwa mmoja wao. Alianza kufundisha Pugu mwaka 1953, baada ya kurudi kutoka Edinburgh. Mwaka 1954 akachaguliwa kuwa Rais wa TANU, na mwaka 1955, alipotakiwa achague baina ya ualimu na siasa, akajiuzulu. Kisa hiki husimuliwa kama cha siasa, na ndivyo kilivyo. Hata hivyo mimi hukiona pia kuwa kisa cha saa: shule ya bweni ilimtaka mtu mzima mzima, na chama nacho kadhalika.

Baadaye likaja tangazo la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na Sheria ya Elimu ya 1969 iliyoziweka shule nyingi za misheni mikononi mwa serikali. Mapadre wakapungua, desturi zao zikabaki. Mwalimu wa kawaida, aliyeletwa na Wizara na mwenye watoto nyumbani, akarithi zamu ya usiku, ukaguzi wa mabweni na masomo ya jioni. Juu yake likaongezwa shamba, na penginepo mabanda ya kuku. Shamba lilikuwa jambo jema, nami nalitetea hata leo. Ila sikuona ratiba ikipunguza vipindi vya mwalimu kwa sababu amepewa jembe.

Mwaka 2004 ulianza mpango mkubwa wa kupanua sekondari, na shule za kata zikaenea nchini. Nyingi ni za kutwa. Basi watu husema: hakuna bweni, hakuna zamu ya usiku, mwalimu ana raha. Hebu tupige hesabu. Tuseme mwalimu ana vipindi 24 vya dakika 40 kwa wiki, katika mikondo minne. Hizo ni saa 16. Kila mkondo ukiwa na wanafunzi 45, zoezi moja ni madaftari 180. Kwa dakika nne kila daftari, ni saa 12. Mkondo ukiwa na wanafunzi 70, zoezi lile lile litamchukua karibu saa 19, yaani zaidi ya saa za kufundisha. Bado hajaandika andalio la somo wala azimio la kazi. Ada ilipofutwa mwaka 2016 kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, wanafunzi waliongezeka, na madaftari pia.

Seminari zingali na mtindo wa zamani, na padre yupo. Katika shule za watu binafsi mwalimu husukumwa na matokeo ya mitihani, hata likizo huwa ya masomo ya ziada.

Katika shule ya kata mwalimu hurudi kwenye chumba cha kupanga na rundo la madaftari kwapani. Wapo ambao Jumamosi hurejea uwanjani kufundisha mpira, na nauli huitoa mfukoni mwao.