Kimelea kinachoamrisha jeni za ng'ombe

Ndama akikataa maziwa asubuhi, mfugaji wa Naivasha hupeleka mkono chini ya sikio lake kabla ya kugusa kwingine. Pale kuna tezi. Ikiwa imevimba ikajaa kiganja, mwili unachoma na macho yanatoa machozi, hakuna haja ya kubishana: ni ndigana kali, oltikana ya Wamasai. Asipotibiwa, mnyama huanza kuhema kwa shida, mapafu hujaa maji, povu jeupe hutoka puani, na mara nyingi wiki tatu au nne baada ya kuumwa na kupe anakuwa amekufa.

Kihoto, mtaa wa mji wa Naivasha ulio kwenye ardhi ya chini ukingoni mwa ziwa, husikika kwenye habari maji yanapopanda, kama mwaka wa 2020 wakazi walipolazimika kuhama nyumba zao. Yanayotokea kwenye nyasi za ukingo huo wa ziwa hayatangazwi sana. Nyati hulisha huko usiku. Ng'ombe hupita mchana, hasa wakati wa kiangazi wafugaji wanapowaleta kunywa maji. Kupe wa kahawia wa masikioni hawabagui. Nyati hubeba kimelea kiitwacho Theileria parva bila kuugua, maana wameishi pamoja tangu zama za kale. Ng'ombe aliingia Afrika Mashariki baadaye sana, na hakupata muda wa kuzoeana nacho.

Wanasayansi wamekifuata kimelea hicho kwa zaidi ya miaka 100. Walikoishia si kwa kupe wala kwenye damu, ni ndani kabisa ya kiini cha seli, kwa protini zinazoamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze.

Robert Koch, Mjerumani aliyekwisha kuvuma kwa kugundua bakteria wa kifua kikuu, alikuwa Dar es Salaam mwaka wa 1897 na 1898. Alipotazama damu ya ng'ombe kwa hadubini aliona vitu vidogo mno ndani ya chembe nyekundu, akadhani ni hatua ya mwanzo ya kimelea cha ugonjwa mwingine wa kupe, ule wa kukojoa damu. Miaka michache baadaye ugonjwa ukazuka Rhodesia, na wanaoshukiwa hadi leo ni ng'ombe walioshushwa Beira kutoka pwani yetu. Koch akaitwa Bulawayo mwaka wa 1903. Akawadunga ng'ombe wazima damu ya waliopona, tena na tena, akitumaini kuwapa kinga. Haikufaa kitu. Mwaka wa 1904 Arnold Theiler, daktari wa mifugo wa Transvaal, alieleza kwamba hiki ni kimelea tofauti kabisa, na Charles Lounsbury wa Cape akaonyesha kwamba kinaenezwa na kupe wa kahawia. Afrika Kusini ilikimaliza kwa majosho, uzio na kuchinja, kazi iliyoendelea hadi miaka ya 1950.

Huku kwetu mwaka huo wa 1904 ulikuwa na mambo yake. Wamasai waliokuwa wakilisha kuanzia Naivasha hadi Nakuru walihamishwa kupisha walowezi, wengi wakapelekwa Laikipia. Kufikia 1913 walikuwa wameswagwa tena, safari hii kusini. Mwanahistoria Lotte Hughes ameandika kwa kirefu malalamiko yao: malisho ya kusini yalikuwa na oltikana, na ng'ombe waliotoka Laikipia hawakuwa na kinga nayo. Wazee walilijua jambo ambalo maabara zilichelewa kulieleza, kwamba ndama anayeugua akapona haugui tena, na kwamba kundi lililokulia mbali na ugonjwa huu halina pa kujishika. Nyaraka za serikali za wakati ule huyachukua maneno hayo kama visingizio vya watu wasiotaka kuhama. Ukizisoma leo, aliyekuwa akizungumza sayansi si karani.

Swali la kimaabara lilibaki: kimelea hiki hufanya nini ndani ya chembe za ng'ombe? Jibu lilipatikana Muguga, nje kidogo ya Nairobi, kwenye shirika la utafiti wa mifugo la Afrika Mashariki. Mwaka wa 1964 L. Hulliger na wenzake walichapisha walichokiona kwenye seli walizozikuza ndani ya chupa. Kimelea hakikuwa kinaharibu chembe nyeupe za damu. Kilikuwa kikiishi ndani yake, na chembe ilipogawanyika, nacho kiligawanyika papo hapo, kila chembe binti ikaondoka na fungu lake. Mwaka wa 1970 W. A. Malmquist, Mtanzania Mramba Nyindo na C. G. D. Brown waliweza kuzidumisha seli hizo kwenye chupa bila kikomo. Chembe nyeupe ya kawaida ikitolewa mwilini hugawanyika mara chache, ikachoka, ikafa. Hizi hazikuchoka. Ukizitazama bila kuambiwa zilikotoka, ungesema ni saratani.

Sasa angalia kilichofuata zilipotiwa dawa. Dawa ya buparvakwoni huua kimelea na kuiacha seli ya ng'ombe. Baada ya siku chache seli iliyokuwa ikigawanyika bila breki husimama, na nyingi hufa kama ambavyo zingekufa tangu mwanzo. Saratani ya kawaida haifanyi hivyo. Saratani huanzia kwenye jeni zilizoharibika, na jeni iliyoharibika haitengenei kwa sindano. Basi Theileria haikubadilisha hata herufi moja ya DNA ya ng'ombe. Kuna kitu kingine kilichobadilishwa, kinachoweza kurudishwa kilivyokuwa.

Ili kukielewa kitu hicho ni lazima tuingie kwenye kiini. DNA ya seli moja, ukiinyoosha, hufika mita mbili hivi, nayo imepakiwa mahali pasipoonekana kwa macho. Inawezekana kwa sababu imeviringwa juu ya protini ziitwazo histoni: kila mviringo mmoja una herufi kama 147 za DNA kuzunguka histoni 8, halafu mviringo mwingine, na mwingine, mamilioni. DNA na histoni zake kwa pamoja ndiyo kromatini. Inafanana na shuka lililokunjwa sandukuni: maua yote yamo, lakini unayaona tu yale ya upande uliokunjuliwa. Jeni iliyo kwenye mkunjo uliobana haisomwi. Ndiyo maana seli ya ini na seli ya ngozi za ng'ombe yule yule zina jeni zile zile na hazifanyi kazi moja.

Histoni zina mikia inayochomoza nje, na kwenye mikia hiyo hubandikwa alama ndogo za kikemia. Mwaka ule ule wa 1964, mbali na Muguga, Vincent Allfrey na wenzake mjini New York walionyesha kwamba histoni zikibandikwa asetili, jeni husomwa kwa wepesi zaidi. Wengi hawakulitilia maanani. Histoni zilionekana kuwa vifungashio tu, na aliyekuwa akibandika alama hizo hakujulikana. Ilichukua zaidi ya miaka 30. Mwaka wa 1996 kundi la David Allis lilikipata kimeng'enya kinachobandika asetili, na mwaka huo huo kundi la Stuart Schreiber likapata kinachoibandua. Mwaka wa 2000 kundi la Thomas Jenuwein likapata kimojawapo kinachobandika methili kwenye histoni. Hapo ikawa wazi kwamba seli ina protini zinazoandika alama, zinazozifuta na zinazozisoma, na kwamba jeni huwaka au huzimika kwa amri yao.

Kimeng'enya cha Allis kilitoka kwa Tetrahymena, kiumbe cha seli moja kinachoishi kwenye maji baridi. Katika ukoo wa viumbe, Tetrahymena na Theileria ni ndugu wa mbali.

Nyuzi hizi mbili, ule wa kimelea na ule wa histoni, zilikutana Paris. Mwaka wa 2004 watafiti wa Japani walikuwa wameeleza protini iitwayo SMYD3, inayobandika methili kwenye histoni, na wakaikuta imezidi katika saratani za utumbo mpana na ini. Mwaka wa 2012 kundi la Jonathan Weitzman lilitangaza kwamba ndani ya chembe nyeupe zilizoingiliwa na Theileria, SMYD3 ya ng'ombe huongezeka. Huenda kwenye jeni ya MMP-9, ikabandika alama ya kuifungua, na jeni hiyo ikaanza kutoa kimeng'enya kinachokatakata nyama laini inayoshikilia seli mahali pake. Chembe iliyojikatia njia hivyo hutoka kwenye tezi chini ya sikio na kutapakaa mwilini, hadi kwenye mapafu. Lile povu la puani huenda lina mwanzo wake hapa, kwenye alama zilizobandikwa kwenye mikia ya histoni.

Nani anamwamrisha SMYD3? Hilo halijafunguka lote. Mwaka wa 2005 watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, na wenzao wa Marekani walichapisha jeni zote za Theileria parva, na zikawa kama 4,000 tu, sehemu ndogo ya zile za ng'ombe. Miongoni mwa jeni zinazotengeneza protini za kutupwa nje, ndani ya seli ya mwenyeji, kundi la Paris liliichagua moja katika spishi dada, Theileria annulata. Inaitwa Pin1. Mwaka wa 2015 walionyesha kwamba inalinda mojawapo ya protini za ng'ombe zinazowasha jeni, ile iitwayo c-Jun, isivunjwe kama ilivyo desturi. Dawa ya buparvakwoni inaizuia Pin1 hiyo. Tena katika vimelea vya Tunisia vilivyokuwa vimeizoea dawa, walikuta Pin1 imebadilika.

Nina neno hapa. Seli zilizokuzwa kwa mara ya kwanza kwa ajili ya ng'ombe wa Afrika Mashariki sasa huandikwa kwenye majarida ya saratani ya binadamu, na si vibaya. Lakini ugonjwa wenyewe bado huua ng'ombe takriban milioni moja kila mwaka kwa makadirio ya ILRI, na mfugaji wa Kihoto hajaona hata kijikaratasi kinachomweleza kwamba kinachomuua ng'ombe wake ni chembe zake mwenyewe zilizopotoshwa.

Kinga ipo, tena ya zamani. Muguga, katikati ya miaka ya 1970, walitengeneza mchanganyiko wa aina tatu za kimelea kilicho hai, na wanaoutumia wanafuata kanuni ile ile ya wazee wa Kimasai: acha ndama augue kidogo, apone, asiugue tena. Ng'ombe hudungwa mchanganyiko huo na oksitetrasaiklini kwa wakati mmoja, kisha huvalishwa hereni sikioni. Aliyechanjwa hukingwa muda mrefu, ingawa vimelea vinavyotoka moja kwa moja kwa nyati humshinda mara nyingine, jambo lisilo dogo kando ya ziwa hili. Chanjo huhifadhiwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika. Mfuniko ukifunguliwa mvuke mweupe humwagika, mtaalamu anatoa kijirija chembamba kwa koleo, na kikiisha kuyeyuka ni lazima kitumike ndani ya saa chache. Kijirija kimoja hutosha ng'ombe makumi kadhaa. Mwenye ng'ombe wawili Kihoto hawezi kukinunua peke yake; itabidi kwanza apite kwa majirani, awashawishi, wakubaliane siku.