Chura wa Kihansi

Leo tutasoma habari za chura. Najua wako watakaocheka. Tukitaja tembo au faru hakuna anayecheka, lakini chura!

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno KORONGO. Hapa si yule ndege mwenye miguu mirefu, bali ni bonde jembamba lenye kingo za mawe zilizosimama wima. Katika milima ya Udzungwa, nchini Tanzania, mto Kihansi hushuka katika korongo la namna hiyo. Zamani maji yalianguka kwa nguvu, yakapiga mawe, na manyunyu yake yakalowesha majani ya kando usiku na mchana, masika na kiangazi. Mahali palipoloweshwa hivyo palikuwa padogo, kama ekari 5 tu. Hapo ndipo alipoishi chura huyu, wala hajapata kuonekana porini mahali pengine popote duniani.

Ni wa rangi ya manjano, na urefu wake ni sentimita 2 au 3 hivi. Vyura wengi hutaga mayai. Huyu huzaa watoto walio hai, kila mmoja mdogo kama punje ya mchele.

Wataalamu walimgundua mwaka 1996. Wakati huo ujenzi wa bwawa la umeme juu ya korongo ulikuwa umekwisha anza. Nchi ilihitaji umeme, na mitambo ya Kihansi yaweza kutoa megawati 180, si haba. Kufikia mwaka 2000 maji yalikuwa yamegeuzwa njia. Katika kila sehemu 10 za maji ya mto, kama 9 zilikwenda kwenye mitambo. Manyunyu yakapungua, majani yakakauka.

Mwaka huo vyura 499 walipelekwa Marekani kwa ndege, wakatunzwe katika bustani za wanyama. Wengi walikufa kabla watunzaji hawajajifunza namna ya kuwalea. Huku korongoni yaliwekwa mabomba ya kunyunyizia maji badala ya manyunyu ya zamani. Vyura wakaongezeka, hata mwaka 2003 walikadiriwa kuwa 20,000 hivi. Kisha, kwa muda wa miezi michache tu, wakatoweka karibu wote. Ugonjwa wa ngozi uletwao na kuvu ulionekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura wa Kihansi hayuko tena porini.

Watu wengi wameuliza: mbona fedha nyingi hivi zinatumika kwa chura, na vijiji vingine havina taa? Swali hilo si la mjinga. Lakini mimi naona gharama hiyo haikuletwa na chura. Ililetwa na haraka ya kujenga kabla viumbe wa korongoni hawajachunguzwa vema.

Mwaka 2010 vyura 100 waliozaliwa Marekani waliletwa Dar es Salaam, wakatunzwa Chuo Kikuu. Mwezi wa Desemba 2012 vyura wapatao 2,000 walirudishwa korongoni, chini ya yale mabomba.

Sasa kila kikundi kizungumze kwa dakika 10. Kama bwawa lingejengwa katika mto wenu, nani angehesabu viumbe wa hapo, na lini?