Udongo wa Ruiru ulivyozaa dawa ya kisukari

BAADHI ya dawa mashuhuri duniani zilitokana na bakteria waishio udongoni, na mmoja wa bakteria hao alipatikana humu nchini.

Mnamo 1970, watafiti wa kampuni ya Bayer ya Ujerumani walikuwa wakisaka kemikali inayoweza kupunguza kasi ya umeng'enyaji wa wanga. Katika udongo uliotoka shamba la kahawa huko Ruiru, karibu na Nairobi, waligundua bakteria wa jamii ya Actinoplanes, wakamwita SE50.

Kutokana na bakteria huyo ilipatikana akabosi, dawa ya kisukari cha aina ya pili. Dawa hiyo huvizuia vimeng'enya vinavyovunja wanga katika utumbo mwembamba. Hivyo, baada ya mlo, sukari huingia damuni polepole badala ya kupanda kwa ghafla. Ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka wa 1990 na kuidhinishwa Marekani mwaka wa 1995.

Je, bakteria hutengenezaje dawa? Udongoni mna ushindani mkali wa chakula, na viumbe hao hutoa kemikali mbalimbali, nyingine za kuwadhuru wapinzani wao. Ni kwa njia hiyo streptomaisini, dawa ya kwanza ya kuviua viini vya kifua kikuu, ilipatikana Marekani mwaka wa 1943 katika maabara ya Selman Waksman.

Hata hivyo, kisa cha Ruiru chazua swali: nani anufaike mali ya ardhini inapogeuka dawa?

Udongo huo ulichukuliwa kabla ya kuwepo Mkataba wa Bayoanuwai wa 1992, uliotambua mamlaka ya kila taifa juu ya rasilimali zake za kijenetiki. Kenya ilitunga kanuni zake mwaka wa 2006. Kwa mujibu wa kanuni hizo, anayetaka kutumia rasilimali hizo sharti apate kibali cha Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira (NEMA) na kukubali kugawana manufaa. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutekelezwa mwaka wa 2014, ilitilia nguvu haki hiyo kimataifa.

Bakteria wengi wa udongoni bado hawajawahi kukuzwa katika maabara. Huenda tiba nyingine zimo ardhini mwetu, ila safari hii anayechota udongo hana budi kubisha hodi kwanza.