Francis Bebey: Riwaya kwa Kifaransa, Nyimbo kwa Kiduala
Wahakiki wa fasihi humkumbuka Francis Bebey (1929–2001), mzaliwa wa Douala nchini Kamerun, kwa riwaya yake ya kwanza, Le Fils d'Agatha Moudio (1967). Wapenzi wa muziki humjua kwa gitaa na sanza, yaani marimba ya vidole. Mgawanyo huu unampunja. Mwaka 1974 aliacha kazi UNESCO, alikokuwa akisimamia masuala ya muziki, akawa anajirekodi mwenyewe nyumbani Paris, kwa vinanda vya umeme, na kutoa santuri kupitia lebo yake, Ozileka. Uhuru huo, naona, una uzito wa kiisimu ambao haujachunguzwa vya kutosha: riwaya, iliyopitia kwa mchapishaji, iliandikwa kwa Kifaransa, santuri, ambayo haikuhitaji idhini ya yeyote, ilikipa nafasi Kiduala.