Kuchanganya Sauti West Nile: Kutoka Agwara Hadi Saundi Kadi

Aghalabu tunapotaja ufundi wa kuchanganya sauti, hufikiria masanduku yenye vifungo na nyaya. Lakini huko Arua na Koboko watu waliifanya kazi hiyo wenyewe, waya wowote usijafika. Agwara ni tarumbeta ya mti ipulizwayo ubavuni, kama siwa ya Lamu. Ila siwa hulia peke yake kwa heshima ya mwenyewe, na agwara moja haina wimbo. Kila mpulizaji ana sauti yake moja au mbili, naye hungoja zamu.

Klaus Wachsmann, mzaliwa wa Berlin na msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda toka 1948 hadi 1957, alizunguka nchi baina ya 1949 na 1954 akirekodi muziki, wa West Nile ukiwamo. Siku hizo sauti zote ziliingia katika njia moja. Aliyetaka ngoma isizimeze tarumbeta hakuwa na budi kuwasogeza wapiga ngoma nyuma, na uamuzi huo haukutanguka tena. Nakala zimekwisha kurejeshwa Chuo Kikuu cha Makerere, lakini kijana atakaye kujifunza zamu ya mpulizaji mmoja hupata shida kumtenga na wenzake.

Hapo ndipo saundi kadi inapofaa. Kila kipaza sauti huchomekwa tundu lake. Sauti hupimwa mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde, ikageuzwa tarakimu, ikapita katika waya wa USB hadi kwenye kompyuta, kila mmoja katika njia yake. Kwanza kila mpigaji apige kwa nguvu zake zote (si kwa adabu ya majaribio!), ndipo fundi apunguze mpaka taa nyekundu isiwake, kwani sauti iliyopasuka kwa kuzidi haitengenezeki vizuri.

Hadharani kuna adui mwingine: kuchelewa. Sauti iendayo kwenye kompyuta na kurudi masikioni hupoteza milisekunde kadhaa. Mshairi asomaye peke yake huweza kuvumilia. Wapuliza agwara, ambao wimbo wao wote ni kungojana, hupotezana. Kwa hiyo wasikilizishwe moja kwa moja kutoka kwenye saundi kadi, kabla sauti haijafika kwenye kompyuta. Au, kwa maoni yetu, bora wasivae kitu masikioni, wasimame duara kama zamani.