Chagua maua ya kudumu kulingana na hali ya eneo lako

ANAYENUIA kuremba bustani ya nyumbani hana budi kuamua mapema iwapo atapanda maua ya msimu au ya kudumu. Maua ya msimu huchanua, hutoa mbegu kisha hufa, na mwenyewe hulazimika kununua miche upya. Ya kudumu huishi miaka kadhaa. Baadhi yake hunyauka wakati wa kiangazi, lakini sehemu zilizo ardhini husalia hai na kuchipuka mvua inaporejea.

Hata hivyo, si kila ua linalopendeza kitaluni litastawi nyumbani. Jambo la kwanza la kuzingatia ni hali ya hewa na udongo. Katika nyanda za juu zenye baridi, mathalani Limuru na Nyeri, agapanthasi hufanya vyema. Mmea huu wenye asili ya Afrika Kusini hutoa maua ya buluu au meupe. Pwani, kwenye joto na udongo wa kichanga, vinka iliyotoka Madagaska hustahimili. Penye jua kali na maji haba, panda gazania, ambayo hufumba maua yake usiku. Kana nayo hupenda unyevu, hivyo ipande karibu na mfereji.

Pili, zingatia usalama, hasa panapo watoto au mifugo. Gloriosa, ua jekundu lenye kingo za manjano ambalo pia humea mwituni humu nchini, lina sumu iitwayo kolchisini inayoweza kuua. Viazi vyake vilivyo ardhini ni hatari zaidi, kwani mtu anaweza kudhani ni vya kuliwa. Vinka pia ni sumu ikiliwa, ingawa hutumiwa kutengeneza dawa za saratani.

Tatu, chagua mimea inayogawanyika kwa urahisi. Kila baada ya miaka mitatu au minne, ng'oa agapanthasi au kana iliyosongamana, tenganisha machipukizi yenye mizizi, kisha uyapande upya pamoja na samadi iliyooza. Wakati ufaao ni mwanzoni mwa mvua ndefu, mwezi Machi. Kwa njia hii, mche mmoja utajaza bustani bila gharama zaidi.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji jina la mmea, kama ulikuzwa juani au kivulini, na kama huendelea kuishi baada ya kuchanua. Asiyeweza kujibu, tafuta mwingine.